Mwendo wa Kuazima

Mtembezi wangu alikuwa na tabia ya kusimama kwenye maji. Kila alipomaliza mteremko wa kwanza miguu yangu ilitulia, kisha wa kulia ukataka kunyanyuka na kutikisika, kama mtu anayekung'uta tope, halafu tukavuka. Muda wote huo mimi nilikuwa kitandani, nimelalia ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Maji yenyewe sikujua yako wapi.

"Ameanza?" Mama mkwe aliuliza. Alikuwa amerudi kuchukua sahani yangu ya mchana.

"Ameanza, Mama. Leo ana haraka."

"Haraka ya nini na tope hili." Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja kwenye kigimbi changu juu ya soksi, akasikilizia. Msuli ulikuwa unakaza na kulegea, unakaza na kulegea, ingawa mguu wenyewe haukutoka kwenye godoro. Kila siku alifanya hivyo, na kila siku alitoa mkono haraka akitikisa kichwa. "Mtu anatembea huko, mguu unashtuka hapa. Haya mambo bwana."

Soksi tunaziita soksi kwa mazoea tu. Zinapanda mpaka nyongani, na ndani zimefumwa nyuzi nyembamba zinazoamsha msuli. Mtu mwingine, mzima, huvaa za aina hiyohiyo chini ya nguo zake. Akipiga hatua, zake zinasikiliza, zangu zinarudia. Msuli ukifanya kazi unakula sukari, awe mwenye msuli amesimama au amelala, na sukari ndiyo iliyokuwa shida yangu. Kisukari cha mimba kwa wengi hutulizwa na chakula cha kupimiwa na kutembea baada ya kula. Chakula nilipimiwa. Kutembea nilikatazwa, maana mlango wa kizazi ulianza kulegea mapema, ukashonwa, na daktari akasema nisisimame ila kwenda chooni.

Walioanzisha Mpango huu wa kuazimana mwendo walijaribu kwanza mwendo wa mashine, halafu mwendo wa mtu uliorekodiwa. Misuli iliikataa yote miwili. Baada ya siku chache ilichoka, ikakaza kwa maumivu, na tumbo nalo likaanza kukaza. Mwendo wa mtu aliye hai una kuchelewa kidogo hapa, jiwe pale, kusimama kumsalimia jirani, na hivyo vipumziko vidogo ndivyo vinavyomfanya mlazwa avumilie. Mashine ilibakiwa na kazi ya kutafuta mtu ambaye mdundo wake unaendana na wako. Haiulizi umri wala kabila. Wangu ilimpata haraka, nikaambiwa nishukuru.

"Huyu alikuwa mchuma chai," nilimwambia Mama. "Enzi zile za mikono, kabla ya mashine. Anapanda kilima kama anashuka. Na nyonga zake, Mama, laiti ungezisikia. Nyonga za mwanamwali."

"Umejuaje kama ni mwanamke?"

"Mwanaume gani anatembea vizuri hivi?"

Mama alicheka mpaka sahani ikagonga kijiko. "Kweli. Wangu mimi anatembea kama anadaiwa. Akila tu, huyo, anakwenda kuangalia miche. Miche gani inaangaliwa mchana na jioni? Kama ana mwanamke huko, basi anakaa mbali, maana mzee anarudi jasho linamtoka."

"Mzee hawezi, Mama."

"Hata mimi nasema hawezi," alisema, akaondoka na sahani.

*

Nieleze kidogo, maana mtu wa mbali anaweza kudhani nilipenda mambo ya ajabu.

Mashine za kuchuma chai zilipokuja huku kwetu chini ya Mlima Rungwe, sisi wanawake tuliingizwa kwenye banda kuziangalia kwenye vioo. Tulikaa kutwa nzima, kahawa mkononi, tukiona mashine zikipanda vilima ambavyo mama zetu walivipanda na matenga mgongoni. Sukari ya mimba ikaingia nyumba kwa nyumba. Kituo cha afya kikaanzisha matembezi, na mimi niliyaongoza. Tulizunguka uwanja wa mpira wa shule baada ya chakula cha mchana, matumbo mbele, tukisengenyana na kuimba. Wanaume waliokaa kwenye ukuta wa shule walitucheka, halafu wakachoka kucheka.

Mimba yangu ya kwanza sikuwa nikitembea. Nilipendwa nikaambiwa nikae, nikaletewa uji wa sukari asubuhi na jioni, na hata maji ya kuoga nilichotewa. Sukari haikupimwa mpaka mwisho. Mtoto alikuwa mkubwa, alikwama mabegani, na alipotoka hakulia. Ndiyo maana mimba hii ya pili nilikuwa wa kwanza kufika uwanjani, na ndiyo maana niliposhonwa na kulazwa nililia mbele ya nesi bila aibu. Mtoto huyu nilimtaka. Nilimtaka kuliko nilivyotaka kuonekana mtu mwenye busara.

Jambo la pili la kueleza ni baba mkwe wangu. Jina lake sitaliandika. Si siri, lipo hata kwenye kitambulisho cha mume wangu, lakini mimi silitamki. Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Ukimwona kwa mbali unaacha njia. Hukai naye chumba kimoja, humtazami usoni, huli mbele yake. Wenzangu wa mjini siku hizi wanapanda gari moja na wakwe zao na kupiga nao picha za harusi, wala sina neno nao. Nyumba niliyoolewa nilikuta bado wanashika mila, nikashika. Kuna siku nimelowa mvua nyuma ya mgomba nikisubiri mzee apite. Lakini pia sijawahi kusikia neno baya kutoka kwake, na akikaribia nyumba yangu hukohoa kwenye kona ya zizi ili nipate nafasi ya kuingia ndani. Kisha hashiki njia inayopita dirishani kwangu. Anashuka mtaroni, anapita kwa chini, anaibukia kwenye migomba. Huo mtaro una tope mwaka mzima, na yeye ni mtu mzima. Nilikuwa namheshimu sana kwa mtaro ule.

*

Wiki hiyo barabara ya juu ilifungwa. Walikuwa wanafukia mabomba ya mvuke kutoka kwenye mtambo wa mlimani anakofanya kazi mume wangu Lugano, na watu wakaambiwa wapite njia za chini.

Nilikula ndizi zangu za kupimiwa na maharage na mboga nyingi, nikalala. Taa ndogo ya mkononi inayosoma sukari ikaanza kuacha kijani, na huko aliko mtembezi wangu akapata ishara yake, maana miguu ilianza. Mara moja nikajua kuwa amebadilisha njia. Hapakuwa na mteremko wala maji. Palikuwa na tambarare fupi, kisha mwinuko.

Nje, kwenye kona ya zizi, mtu akakohoa. Miguu yangu ikasimama.

Nilijiambia ni bahati tu. Kisha misuli ya mapaja ikakaza kwa ubavu, hatua za kupapasa, kama mtu anayeshuka mahali penye utelezi. Ikatulia. Ikavuta kupanda. Nikasikia majani ya migomba yakisukumwa, na mwendo ukaendelea kama kawaida.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, kikohozi kwanza, kisha mtaro. Siku iliyofuata nilikuwa nimeshika godoro kwa mikono miwili, nikiomba kikohozi na miguu vipishane walau kidogo. Vilipishana mno, nikashusha pumzi: miguu ilikuwa inatembea na nje kimya kabisa. Ndipo Mama akaita kutoka jikoni.

"Baba Lugano! We baba Lugano, simama hapo hapo!"

Miguu ikasimama.

"Nani amechukua jembe langu dogo?"

Uzito ukahamia mguu wa kushoto. Ukarudi wa kulia. Nilisikia sauti yake ya chini nje, ikijibu kitu, na Mama akimjibu kwa maneno mengi, na wakati wote alipokuwa akisemwa alihamisha uzito, kushoto, kulia, kushoto, na mimi ndani nikihamisha naye. Hatimaye Mama akamwachia. Tukakohoa, yaani yeye alikohoa, tukashuka mtaroni.

Nilivuta shuka mpaka kidevuni. Nilikumbuka nyonga za mwanamwali. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, wala sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuiona, kwa sababu mkwe wangu alikuwa anakohoa nje ili nipate pa kujificha, na wakati huohuo alikuwa tayari yumo kwenye mapaja yangu.

*

"Nilijua," alisema Nesi Mwanakheri.

Ni mtu wa Pangani, mpole, anakuja na pikipiki yake ya umeme kila baada ya siku mbili kunipima na kubadilisha betri za soksi. Yeye ndiye aliyewavisha watembezi wote wa kata yetu.

"Ulijua?"

"Mashine ilipotoa majina nikaona ukoo mmoja, nikauliza. Nikafurahi, mwenzangu. Nikasema Mungu ana mipango yake. Babu anatembea kwa ajili ya mjukuu wake mwenyewe na hajui."

"Dada, yule ni mkwe wangu."

"Sasa si ndiyo vizuri? Sisi kwetu baba mkwe ni baba. Ukiumwa anakuletea hata dawa kitandani."

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, bila kumtaja jina mzee, na nikaona uso wake ukibadilika kadiri nilivyoendelea. Alikuwa amekaa huku kwetu miaka mingi na alishaona wanawake wakiacha njia. Alidhani ni heshima ya salamu tu. Akakaa kwenye stuli.

"Basi nisamehe," alisema. "Nimewatia kwenye jambo. Lakini sikiliza, Bi Gwantwa. Kanuni inasema mtembezi na mlazwa wasijuane. Iliwekwa kwa sababu zamani walijuana, na watu wakaanza kudai kuku, na kuna mwanaume alimtembeza mke mdogo kwa ajili ya mke mkubwa mpaka akazimia shambani. Wakijuana, nafunga mwendo. Siufungui mpaka mtembezi mwenyewe aje aridhie upya mbele yangu. Unanielewa? Nikiandika kwamba unajua, leo hii miguu yako inanyamaza."

"Na nikipata mwingine?"

"Mdundo kama wako sina. Nimeshaangalia mpaka wilaya ya pili." Alifunga mkoba wake taratibu. "Mimi sijasikia kitu leo. Umenisimulia mila za kwenu, nimejifunza. Sindano ya insulini uliyonayo kipimo chake kiko juu tayari. Mapafu ya mtoto bado. Vumilia wiki zilizobaki, uzae, halafu mambo ya heshima mtayapanga mtoto akiwa mkononi."

Alikuwa ananipenda, ndiyo maana alisema hivyo. Nilimshukuru, akaenda zake.

Nilimpigia Lugano huko mtamboni. Nikamweleza; kwanza alicheka, halafu kicheko kikakatika.

"Usiseme," alisema. "Gwantwa, nakuomba. Mtoto kwanza."

"Na baba yako?"

"Baba anatembea kwa hiari yake."

"Amejitolea kutembea kwa ajili ya mgeni. Mimi hajaniridhia. Akijua mtoto ameshazaliwa, akajua kuwa mimi nilijua na nikanyamaza, ataweka wapi uso wake?"

"Uso utapona. Yule mwingine tulimzika, Gwantwa."

Hakuwa amelitaja hilo tangu mazishi. Kisha akasema ana kazi, tukaagana vibaya.

Mchana ule nilikula na miguu ikaanza. Nilijaribu kuifurahia. Taa ilirudi kijani vizuri kabisa, mtoto akajigeuza tumboni akatulia, na kwa mtazamo wowote wa kitabibu ilikuwa siku nzuri. Kwenye kona ya zizi mzee akakohoa. Nikahisi kisigino chake kinateleza mtaroni, goti linakaza ghafla kujizuia, na maumivu madogo ya msuli wa mtu mzima yakafika kwangu kabla hajajiinua. Alikuwa anaingia topeni kwa ajili ya heshima yangu, na mimi nilikuwa nimelala pale nikiila heshima hiyo bila yeye kujua. Ningeweza kumdanganya mtu mwingine yeyote kwa ajili ya mtoto wangu. Ningeidanganya kanuni na Serikali yake yote. Huyu sikuweza.

*

Mama mkwe alipokuja kuchukua sahani nilimwambia akae.

Nilimwambia yote. Alisikiliza macho yakiwa kwenye soksi mpaka nikamaliza. Kisha akaweka sahani chini.

"Yaani zile nyonga," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Nyonga za mwanamwali." Akaanza kucheka. Alicheka kwa kujiziba mdomo na ncha ya khanga, machozi yakamtoka, akajaribu kuacha ikashindikana, na mimi nikajikuta nacheka huku nimeshika tumbo nikiogopea mshono. Nilimwona anaacha kucheka kabla yangu.

"Ndiyo miche hiyo," alisema. "Mimi nilikuwa namwazia mabaya." Akanitazama. "Kwa nini hukunyamaza tu, mwanangu? Ungejifungua salama. Nani angejua?"

"Mimi nimeshajua."

"Akiacha je?"

"Naogopa, Mama. Usifikiri siogopi. Lakini mimi siwezi kusema naye. Wewe ndiye mdomo wangu kwake. Mwambie, na umwambie kuwa sikumtafuta, ni mashine. Na akiacha, simlaumu."

Alikaa akiukunja na kuukunjua upindo wa khanga yake. Nilijua anachopima, kwa kuwa na yeye alimtaka huyu mtoto. Angeweza kutoka pale na asiseme. Badala yake alinyanyuka, akajifunga khanga vizuri kama anayekwenda msibani, akatoka.

Nikampigia Nesi Mwanakheri nikamwambia aandike kuwa najua. Alivuta pumzi ndefu. "Haya," alisema, na baada ya kitambo nikahisi soksi zikilegea, zikawa nguo tu.

*

Jioni hiyo sikuwa na miguu. Taa iliacha kijani, ikapita manjano, ikakaa nyekundu. Mama alileta mboga tupu na samaki kidogo, na hata hivyo ikakaa nyekundu. Alipanda kitandani akakamata vigimbi vyangu, akavikanda kwa mikono yake miwili kama unga wa maandazi, akivikunja na kuvinyoosha mpaka mabega yakamuuma. Alifanya hivyo bila kusema neno lolote kuhusu mzee, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Asubuhi ilikuwa nyekundu tena. Nesi alifika mapema, na kwenye kioo chake akatokea daktari wa wilaya, kijana mwenye macho ya usingizi, akapandisha kipimo cha sindano na kusema kwamba hali ikibaki hivyo wangenihamishia hospitali kubwa Mbeya, na huenda mtoto akatolewa kabla ya wakati. Nilimuuliza kuhusu mapafu. Alisema watajitahidi. Nilijua neno hilo, lilishasemwa mbele yangu mara moja.

Nilijiona mpumbavu. Nasema wazi. Nililala nikitazama dari na kufikiri kwamba mwanamke mwenye akili angechukua ile miguu na kufunga mdomo, na kwamba aibu ya mzee mmoja si kitu mbele ya mtoto asiyepumua. Nilimpigia Lugano nikamwambia alikuwa na haki. Hakufurahi kusikia. Alisema anaomba ruhusa, anakuja.

Mama aliingia wakati huo, akakaa pale pale ukingoni.

"Hakulala ndani," alisema. "Alikaa barazani na ile saa ya Mpango inayomwita kutembea ameivua, ameishika. Nikamwambia, baba Lugano, sema basi. Akaniuliza kitu kimoja." Akajipangusa macho. "Aliniuliza yule wa kwanza alikuwa na nywele?"

Nilishika tumbo kwa mikono miwili.

"Hakumwona, si unajua. Ulikuwa naye chumbani, na yeye hawezi kuingia ulipo. Wakamfunga sanda, wakamtoa amefungwa. Mzee alichimba kaburi la mtu ambaye hakumwona uso. Nikamwambia alikuwa nazo, nyingi, nyeusi. Akasema alikuwa anataka kujua siku zote ila hakujua amuulize nani." Alishika mguu wangu juu ya soksi tupu. "Ndipo akaniambia. Mwezi ule ule wa msiba alikwenda kituoni akajiandikisha. Alisema hawezi kuja kukwambia pole, hana ruhusa ya kukwambia chochote, basi atembee kwa ajili ya mtoto wa mtu yeyote, popote alipo."

Nililia, na Mama akaniacha nilie. Mtoto alikuwa anapiga teke upande wa kulia, na kwa mara ya kwanza niliona teke lile linamhusu mtu mwingine zaidi yangu na Lugano.

"Sasa yuko wapi?" niliuliza mwishoni.

"Ametoka na fimbo asubuhi. Hakusema." Akasimama. "Kula kwanza. Hata kama itarudi nyekundu, utakula."

*

Nilikula ndizi ndogo moja na maharage. Sindano ya asubuhi ilikuwa imeirudisha taa kijani, lakini kabla sijamaliza ikawa manjano tena, na nilitazama inavyogeuka kama mtu anayetazama maziwa yakipanda jikoni wakati mikono yake imefungwa. Nje kulikuwa na manyunyu. Hakuna aliyekohoa kwenye kona ya zizi.

Kisha soksi zikanibana.

Zilibana taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Hatua moja. Nyingine. Mdundo nilioujua, kisigino kizito kidogo kushoto. Lakini njia sikuijua kabisa. Ilianza na mteremko mrefu wa kupindapinda, mapaja yakizuia uzito, kisha mawe ya kurukia, kisha mlima, na mlima ule haukuisha. Ulipanda na kupanda. Msuli wa paja ulikaza mpaka nikauma mto.

Simu ilikuwa ikilia. Nesi Mwanakheri. "Mzee alinikuta kituoni asubuhi, niliporudi kutoka kwako," alisema, sauti imejaa furaha. "Ameridhia mbele yangu, ameweka kidole. Nikamuuliza, mzee, unaelewa unatembea kwa ajili ya nani? Akanikatiza. Akaniambia nisimtajie jina."

Mama aliingia mbio na khanga mabegani imelowa. "Yuko ng'ambo," alisema. "Watu wamemwona anavuka mto, anapanda kule upande wa msitu."

"Kwa nini kule? Kule ni mlima mtupu."

"Kwa sababu huku ndiko uliko wewe." Alihema, akakaa. "Amepita jikoni kwangu kuchukua koti. Ameniambia nikwambie hivi: yeye anatembea njia ya watu wote. Kama kuna mtu nyuma anaokota nyayo zake, yeye hageuki kutazama. Na nisimletee asante yoyote."

Nilisikiliza miguu. Alikuwa amefika mahali pa kupumzikia, maana uzito ulihamia kushoto, kisha kulia. Alikuwa ameichagua njia iliyo mbali kabisa na dirisha langu, mbali kuliko mtaro wowote, na kwa sababu ilikuwa mbali ilikuwa ngumu, na kwa sababu ilikuwa ngumu taa ya mkononi mwangu ilikuwa inaacha manjano na kurudi kijani mbele ya macho yetu. Mama aliiona kabla yangu. Alinigusa mkono.

Ng'ambo mzee akaanza tena kupanda. Nilifanya kile ambacho mke wa mtoto hufanya akikutana na mkwe njiani, ambacho sikuwahi kupata nafasi ya kumfanyia tangu nilazwe. Nilivuta khanga ya Mama kutoka mabegani mwake, nikajifunika kichwa na uso, nikageukia ukutani ili apite.

Akapita. Alipita muda mrefu, kilima kizima, na sikufunua uso mpaka miguu iliposimama.